MAJI YAMEPONA: NANI AMESEMA?



Mafuta yakimwagika baharini, kelele huwa nyingi wiki ya kwanza. Wakubwa huja, wapiga picha huja, na kila mtu huwahurumia ndege waliopakwa weusi. Kisha mawimbi huosha mawe, mchanga hurudia rangi yake, na siku moja hutoka tangazo kwamba maji yamepona na watu warudi kazini. Katika makala haya twataka kuuliza neno moja tu: tangazo hilo latolewa kwa kipimo gani, na nani alitoaye? Maana ikiwa kipimo ni jicho la mtu anayepita ufuoni, basi kipimo hicho si cha haki kwa mlaji wala kwa mfanyakazi. Sisi twasema kipimo na kiwe ni yule akaaye ndani ya maji hayo mchana na usiku, asiyeweza kuhama hata akitaka. Naye ni chaza.

Wako watakaouliza, chama cha wafanyakazi kina habari gani na chaza? Tuna majibu mawili. La kwanza, chaza wa kufugwa ni kazi ya mikono ya watu, na mkono wa mtu ukisimama mshahara nao husimama. La pili, mafuta yenyewe hupita mikononi mwetu. Hapa Mombasa meli za mafuta hufunga Kipevu na Shimanzi. Wanaofunga kamba ni wafanyakazi, wanaounga mipira ni wafanyakazi, na wanaofungua vali usiku wa manane ni wafanyakazi. Siku mambo yakiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni sisi, na wa kwanza kupewa ndoo na sepeto ni sisi, au jamaa zetu walio pwani. Kwa hiyo yafaa tujue mapema jinsi wenzetu wa nchi nyingine walivyopatwa, nasi tusingoje kufundishwa na msiba wetu wenyewe.

AJALI YA MWAKA 1978

Tarehe 16 Machi 1978 meli kubwa ya mafuta iitwayo Amoco Cadiz ilikuwa ikipita karibu na pwani ya Brittany, upande wa kaskazini-magharibi wa Ufaransa. Ilikuwa imepakia mafuta ghafi kutoka Ghuba ya Uajemi, ikienda Rotterdam. Asubuhi ile usukani wake uliharibika, na bahari ilikuwa chafu. Meli ya kuvuta ya Wajerumani ilifika kusaidia. Waya wa kuvutia ukakatika, na juu ya hayo pakawa na mabishano ya mkataba wa kuokoa meli, huku neno likingojwa kutoka kwa wakubwa wa kampuni waliokuwa Chicago, ng'ambo ya bahari. Usiku meli ikapanda mawe mbele ya kijiji cha Portsall, kisha ikavunjika. Mabaharia waliokolewa kwa helikopta. Lakini mafuta hayakuokolewa. Yalimwagika kama tani 223,000, mzigo wote, pamoja na mafuta ya mashine ya meli yenyewe, na yakapaka zaidi ya kilomita 300 za pwani.

Pwani ile ina mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi kavu, myembamba na yenye matope, nayo kwa lugha ya watu wa huko huitwa aber. Miwili kati ya hiyo, Aber Wrac'h na Aber Benoît, ilikuwa na mashamba ya chaza. Kulikuwa na mashamba mengine katika ghuba ya Morlaix. Maji yakijaa mafuta yaliingia, na maji yakipwa mafuta yalilala juu ya matope na juu ya chaza. Maelfu ya askari na watu waliojitolea wenyewe waliyachota kwa ndoo, sepeto na reki.

Mwisho wake chaza wapatao tani 9,000 waliangamizwa. Ndugu, liangalieni jambo hili vizuri. Hawakuangamizwa kwa kuwa wote walikwisha kufa. Waliangamizwa kwa kuwa walikuwa na mafuta, na pia kwa ajili ya kulinda imani ya wanunuzi, ili asitokee mtu mezani Paris akatia chaza mdomoni akaonja ladha ya mafuta, na tangu siku ile asinunue tena chaza wa pwani yoyote. Twasema lilikuwa jambo la busara. Lakini katika tani hizo 9,000 mlikuwamo miaka ya kazi ya watu. Chaza hakui kwa mwezi mmoja. Huchukua kama miaka 3 tangu alipo mdogo mpaka afae kuuzwa, na miaka hiyo yote kuna mtu anayeshuka matopeni maji yanapokupwa, kwa baridi na kwa mvua, ageuze mifuko ya wavu iliyo juu ya meza za chuma, aitikise, aondoe mwani, achague wakubwa na wadogo, awapange tena.

CHAZA ALIVYO

Sasa tuseme kidogo juu ya mnyama huyu, maana bila ya kumjua hatuwezi kujua kwa nini tunamfanya shahidi.

Samaki akiona maji mabaya hukimbia. Chaza hana pa kukimbilia. Amefungwa mahali pamoja, na riziki yake yote huja na maji. Huvuta maji ndani, huyapitisha katika matamvua yake, huchuja vidudu vidogo anavyokula, kisha huyatoa. Chaza mkubwa aweza kupitisha lita kadhaa za maji kwa saa moja. Basi maji yakiwa na mafuta kidogo tu, hata kama jicho haliyaoni, yeye huyakusanya saa baada ya saa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni mwili wake.

Kweli aweza kufunga gamba lake akajificha, lakini hawezi kufunga milele. Hapana budi afungue ale na apumue. Tena mwili wa samaki waweza kuyasaga mafuta mengi na kuyatoa, lakini mwili wa chaza ni mvivu katika kazi hiyo. Mafuta hukaa ndani yake, hasa zile sehemu nzito, na baadhi ya hizo wataalamu wamezihesabu kuwa zaweza kuleta saratani kwa binadamu. Chaza akihamishwa kwenye maji safi huyatoa kidogo kidogo, nyepesi kwanza na nzito baadaye. Hiyo ni kazi ya majuma na pengine miezi. Anayedhani kwamba kuwaloweka siku mbili kwatosha, anajidanganya au anataka kudanganya wengine.

Kuna jambo la pili, nalo ni baya zaidi. Juu ya maji mafuta huliwa na jua, upepo na vidudu. Lakini yakizama ndani ya matope mahali pasipofika hewa, hukaa kama fedha iliyofukiwa. Bamvua kubwa likija, au dhoruba ikichimbua matope, yale mafuta huamka tena na kuingia majini, na chaza huyanywa upya. Kwa hiyo mashamba ya juu ya mwamba, yanayopigwa na mawimbi, hupona upesi, na mashamba ya ndani ya mikono yenye matope huchelewa. Pwani ni ile ile, na ajali ni ile ile, lakini kila shamba lina siku yake ya kupona.

Hayo si maneno ya kukisia. Huko Brittany wataalamu waliwafuata chaza wa aber zile kwa miaka 7 baada ya meli kuvunjika. Walipima mafuta yaliyomo mwilini, kisha wakakata vipande vyembamba vya nyama wakavitazama kwa darubini. Waliona kwamba mafuta yalipungua kadiri miaka ilivyopita. Lakini waliona pia madhara katika sehemu za kusagia chakula na katika sehemu za kuzalia. Mtu aliyesimama ufuoni miaka michache baada ya ajali angaliona mawe meupe, maji mazuri na watoto wakiogelea, akaapa kwamba mambo yamekwisha. Lakini ndani ya gamba habari ilikuwa nyingine.

UGONJWA WA ZAMANI NA DENI JIPYA

Lakini hatutaki kusema upande mmoja tu. Si kila chaza aliyekufa katika maji yale aliuawa na mafuta. Kabla ya ajali, mwaka 1968, kimelea kiuacho chaza kilionekana katika Aber Wrac'h yenyewe, hata ugonjwa wake ukaitwa ugonjwa wa aber. Na mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya meli kuvunjika, ugonjwa mwingine wa chaza wale wa asili walio bapa ulionekana mahali pengine pa Brittany. Basi mtu akikuta chaza wamefunua midomo na kufa, ni lazima aulize: ni mafuta, au ni kimelea, au ni joto, au ni maji ya mvua yaliyozidi?

Swali hili ni la mtaalamu, lakini ni la wakili pia. Maana mwenye deni, awe nani, atapenda sana kusema kwamba chaza hawa walikuwa wagonjwa tangu zamani. Na mwenye shamba, awe nani, atapenda kusema kwamba kila aliyekufa ameuawa na meli. Kati ya hao wawili anayejua kweli ni yule aliyekuwa akishuka matopeni kila siku kabla ya ajali, anayejua kwamba mwaka juzi katika mifuko 100 ilikufa mingapi. Lakini ikiwa hakuandika mahali, neno lake mbele ya korti ni upepo. Kwa hiyo twasema, kipimo cha maana kuliko vyote ni kile kilichochukuliwa kabla ya msiba. Mgonjwa ambaye daktari hakumjua alipokuwa mzima ni vigumu kusema lini amepona.

Tena korti haina haraka. Kesi ya Amoco Cadiz ilipelekwa Chicago. Mwaka 1984 jaji aliamua kwamba kampuni ilikuwa na makosa, kwa kuwa haikuutunza usukani kama ilivyopasa wala haikuwafunza mabaharia vizuri. Mwaka 1988 fidia ilikadiriwa kuwa dola milioni 85, na mwaka 1992, baada ya rufani, ikapanda zaidi ya dola milioni 200 pamoja na riba. Miji na vijiji vya pwani vilikuwa vimeungana katika shauri hilo na kulifuatia mpaka mwisho, naye meya wa Ploudalmézeau, Bwana Alphonse Arzel, akawaongoza. Twawasifu sana. Lakini hesabuni wenyewe: tangu 1978 mpaka 1992 ni miaka 14. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa ajali alikuwa karibu kufikia umri wa kwenda kazini. Kampuni kubwa yaweza kungoja miaka 14. Kijiji kilichoungana chaweza kungoja. Kibarua peke yake hawezi kungoja hata wiki mbili, maana dukani hakuna anayekopesha kwa ahadi ya jaji.

DAWA ILIYOWAUA

Wakati mwingine msiba huongezwa na haraka ya kutibu. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, na wafanyakazi 11 wakafa. Hao tuwakumbuke kwanza kabla ya kusema juu ya chaza, maana mara nyingi husahauliwa. Mafuta yalitoka chini ya bahari kwa siku 87. Katika jimbo la Louisiana wakubwa waliogopa mafuta yasifike kwenye vinamasi, wakafungua milango ya mto Mississippi ili maji yake yasukume mafuta nje. Lakini chaza anataka maji yenye chumvi kiasi chake. Maji matamu yakizidi kwa muda mrefu wakati wa joto, hufa. Basi chaza wengi sana walikufa kwa maji ya mto, mahali ambapo mafuta hayakuwagusa.

Hatusemi kwamba waliofungua milango walikuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, nao walitaka kuokoa. Twasema tu kwamba kama wangalikaa kitako na watu wa chaza, mtu wa kawaida kabisa wa mashua angaliwaambia jambo hilo. Anayefanya kazi majini ana elimu ambayo haimo katika karatasi za ofisi, na kumwacha nje ya baraza ni hasara hata kwa ofisi yenyewe.

MKONO MTUPU NA PINGU

Habari ya tatu yatoka Korea ya Kusini. Tarehe 7 Desemba 2007 meli ya mafuta Hebei Spirit ilikuwa imetia nanga mbele ya pwani ya Taean. Tishali kubwa lenye kreni lilikuwa likivutwa katika bahari chafu, waya ukakatika, tishali likachukuliwa na mawimbi likaigonga meli iliyotulia. Matangi matatu yakatoboka, na mafuta kama tani 10,900 yakamwagika. Pwani ile ilikuwa imejaa mashamba ya chaza waliotundikwa. Watu zaidi ya milioni moja walijitolea kuja kupangusa mawe, mmoja mmoja, kwa vitambaa. Ulikuwa moyo wa ajabu na twausifu. Wengi waliofanya kazi hiyo waliumwa vichwa na kichefuchefu kwa sababu ya mvuke wa mafuta. Mashamba mengi yaliyopakwa mafuta yaling'olewa kabisa.

Sasa angalieni mambo mawili. La kwanza, kuna mfuko wa mataifa wa kulipa hasara za mafuta ya meli, wenye makao yake London. Watu wa Korea walipopeleka madai yao, wengi waliokuwa wakivua au wakiokota kwa mkono mtupu hawakuwa na leseni wala hesabu ya kuonyesha walichokuwa wakipata, na madai mengi ya namna hiyo yakakataliwa. Mwenye shamba lenye daftari alikuwa na la kusema. Mama aliyekuwa akiokota chaza mawe kwa mawe tangu ujana wake alikuwa na mikono yake tu, na mikono haina muhuri.

La pili, kapteni wa meli ile na afisa wake mkuu, ambao ni Wahindi, walizuiwa nchini humo. Meli yao ilikuwa imetulia kwenye nanga ilipogongwa, na korti ya kwanza iliwaachilia mwaka 2008. Lakini mwezi Desemba mwaka huo huo rufani ikawatia hatiani wakapelekwa gerezani. Vyama vya mabaharia na Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi vilipaza sauti duniani kote. Mwaka 2009 korti kuu iliifuta hukumu ya kifungo, nao wakarudi kwao katikati ya mwaka huo, baada ya kukaa mbali na jamaa zao kwa mwaka mmoja na nusu. Mtu aweza kuuliza, hayo yanahusu nini afya ya chaza? Yanahusu sana. Kila mara pwani ikiharibika, hutafutwa mtu wa karibu wa kutiwa pingu ili hasira ya watu ipoe, na akishapatikana, lile swali kubwa la lini maji yatapona na nani atalipa mpaka siku hiyo huachwa njiani.

TUNALOSEMA

Basi maoni yetu ni haya, na tunayatoa wazi ili anayetaka kutupinga atupinge.

Kwanza, shamba lililopatwa na mafuta lifunguliwe kwa kipimo, lisifunguliwe kwa tarehe. Kipimo kiwe cha nyama ya chaza mwenyewe, na cha ladha yake, na cha matope yaliyo chini yake. Kila shamba lipimwe peke yake, na lipimwe tena baada ya dhoruba kubwa. Matokeo yabandikwe hadharani kwa lugha ambayo watu wa pale huisoma, yasifungiwe kabatini.

Pili, siku za kufungwa ziwe na mshahara. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wako wanaosema kwamba wafanyakazi ndio hushinikiza mashamba yafunguliwe kabla ya wakati. Ni kweli, na hatuoni haya kusema hivyo. Mtu mwenye watoto wenye njaa atasema shamba lifunguliwe kesho, na ukimwonyesha karatasi ya maabara atakuuliza karatasi hiyo yapikwa na nini. Lakini si kwamba hajali afya ya mlaji. Amewekwa mahali pa kuchagua kati ya chakula cha mwanawe na afya ya mtu asiyemjua. Mtoeni mahali hapo kwa kumlipa siku zake, naye atakuwa mlinzi mkali kuliko wote wa shamba lile, maana anajua kwamba chaza mmoja mbaya sokoni ataua kazi ya miaka 10. Fidia inayohesabu magunia ya chaza na kusahau siku za vibarua imehesabu nusu ya hasara.

Tatu, wenye shamba nao wana neno, na ni haki tulijibu. Husema kwamba kipimo kirefu namna hii kitawafilisi, na wakifilisika hata kazi haitakuwapo. Twakubali kwamba mashamba mengi ya chaza ni ya watu wadogo wala si ya matajiri. Lakini jibu si kuuza kabla ya wakati. Jibu ni kwamba anayemwaga mafuta alipe mpaka chaza apone, na malipo ya kwanza yatolewe mapema wakati shauri kubwa linaendelea, ili mwenye shamba na watu wake waweze kuishi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na soko likishaumbuka halirudi kwa tangazo la gazeti.

Nne, mfanyakazi awepo wakati chaza wanapochukuliwa kupimwa. Atajua kama wamechukuliwa upande wa shamba ulio mzuri tu. Na wanaotumwa kusafisha wapewe mabuti, glavu na vifuniko vya pua, wapimwe na daktari, na majina yao yaandikwe. Si haki kumwekea chaza daftari la afya kwa miaka 7, na mtu aliyechota mafuta kwa ndoo asiandikwe hata jina.

NASI HAPA JE?

Ndugu, tusidhani kwamba haya ni ya Wafaransa na Wakorea tu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lililokuwa nchi kavu lilitoboka, mafuta yakaingia katika kijito cha Makupa, na mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilimwaga mafuta bandarini Kilindini, yakaingia katika mikoko ya Port Reitz. Mikoko hiyo ndiyo inayoshika chaza wetu kwenye mizizi yake. Matope yetu ni laini kama yale ya aber, na mikono yetu ya bahari ni myembamba kama ile. Tuliyoyasema juu ya mafuta yaliyofukiwa matopeni ni habari yetu pia.

Kenya ni mwanachama wa ule mfuko wa London. Ni jambo jema, lakini tujue mipaka yake. Mfuko ule hulipa hasara za mafuta yaliyotoka katika meli za mafuta. Tangi la nchi kavu likipasuka, kama lile la 1988, si kazi yake, na wa kuulizwa ni mwenye tangi pamoja na sheria za nchi yetu. Tena mfuko hulipa anayeonyesha hasara yake kwa ushahidi. Basi tusingoje.

Akina mama na vijana wanaookota au kufuga chaza pwani yetu wanaweza kuanza leo bila ya fedha nyingi. Daftari moja la shule latosha. Liandikwe siku, mahali, idadi waliookotwa, bei waliyouzwa, na idadi waliokutwa wamekufa. Kikundi kiwe na jina na kiandikishwe. Wataalamu wetu wa bahari waombwe wapime chaza na matope sasa, wakati maji ni mazima, na hesabu hiyo iwekwe mahali ambapo kila mtu aweza kuiona. Sisi wa bandarini tuna kazi yetu pia: mpira uliochakaa usipitishwe, vali inayovuja isifichwe, na msimamizi akisema tuendelee hivyo hivyo kwa kuwa meli ina haraka, tuandike saa na neno alilosema. Usukani mmoja usiotunzwa uliwagharimu watu wa Brittany miaka mingi.

Ikitokea siku bwana mmoja akasimama ufuoni akatangaza kwamba maji yamepona, tumwulize kwa adabu lakini bila ya woga: Chaza wamepimwa? Matope yamepimwa? Waliokaa bila kazi wamelipwa? Akiwa na majibu matatu, tutamshukuru na kuingia majini. Asipokuwa nayo, na arudi akayatafute.